Kamera Haikuchemka

Nimerekodi misiba mingi katika kazi yangu, na sijawahi hata mara moja kurekodi maziko ya mtu mbaya. Wabaya sijui huzikwa wapi. Kila anayeingia kaburini alikuwa nguzo ya jamii, mcheshi, mpenda watu, asiye na makuu, na pengo lake halizibiki. Kwa hiyo nilipofika Ushirombo kwenye msiba wa Masalu, nikamkuta mshereheshaji akitangaza kwa kipaza sauti kwamba Mungu amechuma ua zuri kuliko yote bustanini mwake, sikushangaa. Nilitafuta kiti chini ya turubai, nikajifunga mtandio vizuri, nikacheka ndani kwa ndani. Ua! Masalu huyu ninayemjua mimi? Basi hata upupu ni ua. Wanasema ya kale hayanuki, lakini wanaosema hivyo hawakuwahi kukaa mwaka mzima nyumbani kwa Masalu. Mimi nilikuja kwa ajili ya mjane wake, Mama Kulwa, aliyenipigia simu mwenyewe na kuniambia, "Zuhura mwanangu, njoo. Usiponijia wewe atanijia nani?" Kwa mama huyo ningekwenda hata kwa miguu.

Mbele ya turubai, karibu na jeneza lakini juani kabisa, ilisimikwa kamera ndogo nyeusi juu ya miguu mitatu, inarusha maziko moja kwa moja kwenye simu za ndugu walio mbali. Mwenye kamera alikuwa Bonny. Nilimtambua kwa kisogo kabla hajageuka, kwa sababu kisogo ndiyo sehemu ya Bonny yenye maarifa zaidi. Miaka imepita, ndevu zimemwota hadi kifuani, mimi mwenyewe nimeshaingia mvi, na bado alikuwa ameivika kamera lile kasha la plastiki la kuzuia maji, kana kwamba Masalu anazikwa ziwani. Nilivumilia wasifu wa marehemu tangu kuzaliwa hadi kipaimara. Walipoanza wasifu wa biashara nikajua tutakaa hapo mpaka jua limchome hata marehemu, nikainuka.

"Bonny," nikamwambia, "hiyo itachemka."

"Dada Zuhura! Za siku nyingi! Usijali, hili ni toleo jipya. Hili halichemki."

"Na zile za Katoro ulisema hivyohivyo."

Nikaivua kamera kasha lake, nikakizima kile kioo cha nyuma kilichokuwa kinawaka bure bila mtu wa kukitazama, nikaomba mwavuli kwa kina mama na kuufunga kwenye mguu mmoja, upande wa jua. Bonny alisimama pembeni akijikuna ndevu. "Bado una mambo yako," alisema. Nikamwambia ninayo, nikarudi kukaa. Vidole vyangu vilinuka plastiki iliyopata moto, na kwa harufu hiyo mwaka mzima ukanirudia.

Mwaka ule nilikuwa binti wa studio mjini Shinyanga, narekodi harusi. Nilikotoka na nani alinizaa si habari ya leo. Itoshe kusema nilikuwa na jicho zuri na mdomo mbaya, na vyote viwili ninavyo hadi leo. Masalu aliona video yangu ya harusi ya mpwa wake, akaja studio amevaa pete karibu kila kidole, akasema anataka "mtaalamu wa picha za mwendo". Alikuwa na karasha mbili za kusagia mawe ya dhahabu na nyumba ya wageni pale Katoro, na kwa mali hiyo akajiita Mkurugenzi. Mkurugenzi wa nini, hakuna aliyemuuliza. Alikuwa ameamua kuanzisha mashindano ya pikipiki kwenye marudio, yale mavilima ya mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa dhahabu yake, ili jina lake livume kuliko karasha zake. Aliona kwenye simu jinsi Wazungu wanavyorekodi mbio, kamera ndogo imebandikwa juu ya helmeti, mtazamaji anaona njia inavyomjia usoni. Akanunua kadhaa, akazirundika mezani mbele yangu, akaniuliza kama naziweza. Nilisema naziweza. Sikuwa nimewahi kuzishika, lakini hata yeye hakuwa amewahi kuongoza kitu, kwa hiyo tulianza sawasawa.

Nilipewa chumba nyuma ya nyumba yake ya wageni, ukuta mmoja na jiko la Mama Kulwa na ukuta mwingine na ofisi ya Mkurugenzi. Bati halikuwa na dari. Mchana mtu angeweza kuchoma mhindi humo ndani bila mkaa. Karasha ziligonga tangu alfajiri, na vumbi lake laini liliingia hadi kwenye chumvi. Lakini jiko lile! Mama Kulwa alikuwa mwembamba, mpole, hapandishi sauti hata kwa mbwa, na alipika ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, na sato wa kukaanga mpaka nikasahau wali wa kwetu. Asubuhi tulikula michembe kwa karanga, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa, tukitafuna polepole huku kuku wake wakitupitia miguuni. Alikuwa na mazoea ya kupapasa mayai. Anaingiza mkono chini ya kuku, anatoa yai, analishika kiganjani kidogo, anakwambia hili la sasa hivi, hili la jana. Sikuwahi kumwona akikosea, nami nilikuwa namkejeli kwamba angesomea udaktari wa kuku.

Kupitia ukuta wa pili nilimsikia Masalu. Alizungumza na simu kama anazungumza na ng'ambo ya ziwa. "Mheshimiwa, kamera zote ni za Ulaya! Mheshimiwa, utajiona mwenyewe ukipeperusha bendera!" Mheshimiwa huyu alikuwa tajiri mmoja wa pamba aliyeitwa hivyo kwa sababu ya gari lake tu. Kisha akikata simu, Masalu huyohuyo alimfokea Mama Kulwa kwa kuwa chai ina majani mengi. Mh! Wanaume wa namna hii nimewaona wengi kwenye kazi ya harusi. Wakipigiwa vigelegele hutanuka, wakirudi nyumbani hutafuta wa kumkanyaga.

Sasa nieleze mashindano ya kwanza, maana ujinga wote wa mwaka ule ulikuwa ndani yake. Nchi hii hakuna jambo linaloanza bila mgeni rasmi, na hakuna mgeni rasmi anayefika kwa wakati, kwani akifika kwa wakati watu watadhani hana kazi. Waendeshaji walipangwa kwenye mstari, jua la Katoro limewasimamia utosini, injini zinanguruma, kamera ziko juu ya helmeti ndani ya makasha yaliyofungwa, na zote zinarekodi. Zinarekodi nini? Kisogo cha aliye mbele. Nilimwambia Masalu tuziwashe mbio zikikaribia kuanza. Akasema, "Mheshimiwa akifika lazima aone taa nyekundu zinawaka. Asipoona taa atajuaje kama anarekodiwa?" Basi zikawaka. Mheshimiwa akafika baadaye sana, ikaja sala, ikaja ngoma ya chatu, ukaja utambulisho wa kila aliyevaa koti, ikaja hotuba. Kamera ile haina feni, na hewa yake yote inaipata kwa upepo wa mwendo. Ukiisimamisha juani ndani ya kasha lisilopitisha hata pumzi, ukaisikilizisha hotuba, inajipika yenyewe. Bendera ilipoteremshwa na pikipiki zikaruka, hakuna kamera hata moja iliyokuwa hai. Nilizikusanya baadaye, zinaunguza vidole, na kwenye kila kadi kulikuwa na sauti ya mheshimiwa akisema, "Kwa haya machache..." kisha giza.

"Zimechemka," nikamwambia Masalu mbele ya wageni wake. Watu wakaangua kicheko, kwa sababu neno lenyewe linajulikana: injini huchemka, na mtu akiaibika hadharani naye tunasema kachemka. Siku ile vilichemka vyote, kamera na mwenye kamera. Sidhani kama Masalu alinisamehe kicheko kile. Neno lenyewe, hata hivyo, alilipenda. Tangu siku hiyo, kila kilichomshinda kilikuwa kimechemka.

Alichofanya ni kumleta Bonny kutoka Mwanza, "mtaalamu wa kimataifa". Ukimataifa wake ulikuwa kofia yenye maandishi ya Kichina. Bonny alipoambiwa kamera zinapata moto, alifikiri kama muuza soda: kitu cha moto kiweke kwenye barafu. Akazitumbukiza kamera kwenye boksi la barafu pamoja na maji na bia za wageni, akafunga kifuniko, akakaa juu yake. Ebo! Nilimwambia, Bonny, ukitoa chupa baridi juani hufanyaje? Inatoka jasho. Akasema kamera si chupa. Zikatolewa, zikabandikwa, vioo vikapiga ukungu ndani na nje, na mashindano ya pili yote yakaonekana kama yalifanyika ndani ya sufuria ya uji. Moja iliingia maji, haikuwaka tena mpaka leo. Bonny akasema huo ukungu ni mtindo. Masalu akamgonga begani, akasema huyu ndiye mtaalamu, si hawa wa harusi.

Nilikasirika mpaka nikaacha kula. Mama Kulwa ndiye aliyenisukumia sahani. "Kula kwanza," aliniambia, "hasira haina mchuzi." Nikala, na nilipomaliza nikatoa kamera moja iliyokuwa juani dirishani, nikamwekea kiganjani. Akaruka. "Yalaa! Kama kaa la moto!" Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Tangu siku hiyo jiko lile likawa karakana yangu na kiganja cha Mama Kulwa kikawa mitambo yangu.

Aliyenisaidia upande wa njiani alikuwa Shija, mwendeshaji kutoka Didia. Shija alikuwa na pikipiki kuukuu aliyoitengeneza mwenyewe, na alikuwa bora kuliko wote kwenye mavilima yale, jambo lililomchoma Masalu, kwani yeye alitaka ashinde mdogo wake wa tumbo moja. Shija hakunywa pombe. Hakunywa hata togwa likikaa siku mbili. Alikuwa mtu wa maziwa mgando, na wenzake walimtania kwamba ataota pembe. Jioni alikuja jikoni, "Mwangaluka, mayu!" wakati jua linazama, makusudi tu amchekeshe Mama Kulwa, maana kwa Kisukuma hiyo ni salamu ya asubuhi kwa mama. Mama Kulwa alikuwa akimjibu, "Huyu kichwa chake kimekaa na jogoo," na kumkaribisha ugali.

Shija alizunguka na kamera, akirudi Mama Kulwa anaishika. Ndani ya kasha lililofungwa: kaa la moto. Tukaitoa kwenye kasha, tukaibandika kwa fremu yake tupu ili upepo uipige mgongoni: afadhali. Vumbi je? Vumbi tulilipangusa, vumbi halijawahi kuua kamera kama hotuba ilivyoua. Nikaacha yale mapicha makubwa mno ya kujidai ambayo Bonny aliyataka, nikaweka ya kawaida, maana kamera inayochora kidogo inafikiri kidogo, na inayofikiri kidogo haipati moto. Nikazima yale mawasiliano yake na simu. Nikabandika karatasi nyeupe juu ya ule weusi unaokunywa jua. Na kabla ya mbio, kamera zikae kivulini zimezimwa, ndani ya kapu lililofunikwa kitambaa kibichi, zisiguse maji wala barafu. Siku moja Shija alirudi kutoka mzunguko mrefu, Mama Kulwa akaishika kamera, akaigeuza, akatabasamu. "Hii sasa ni vuguvugu. Kama yai la sasa hivi." Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Taa nyekundu ilikuwa bado inapepesa. Kwa maisha yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo sifa ninayoithamini kuliko zote nilizowahi kupewa.

Kupitia ukuta nilimsikia Masalu akiwaambia wageni wake, "Yule binti wa Shinyanga anazifunika kamera kwa kitambaa kama mganga." Wakacheka. Wacheke. Mimi tatizo langu lilikuwa moja tu limebaki, nalo lilikuwa na kitambi na gari kubwa: mheshimiwa na taa zake. Kamera zikikaa kwenye kapu, juu ya helmeti hakuna taa, na mheshimiwa atanuna. Nikatafakari, kisha nikachukua yale makasha matupu, nikapaka kwa ndani tone la rangi ya kucha, nyekundu kali ya bibi harusi, nikayabandika juu ya helmeti. Mashindano yaliyofuata mheshimiwa alisimama mbele ya rangi ya kucha, akavuta tumbo, akapunga mkono, akageuza shavu zuri. Hotuba ikaisha, waendeshaji wakashusha vioo vya helmeti, nami nikapita na kapu langu nikibandua makasha na kubandika kamera zilizopoa. Hakuna aliyegundua. Video zikatoka safi mwanzo mpaka mwisho. Masalu akamsifu Bonny.

Ndipo yakaja mashindano ya mwisho wa mwaka. Mambo yakaenda kama kawaida: jua, ngoma, hotuba, rangi ya kucha, kapu. Kamera ya Shija niliibandika kwa mkono wangu, nikaiwasha, nikaona taa inapepesa, nikampiga kibao juu ya helmeti. "Nenda, mtoto wa maziwa." Akaenda. Kona mbaya kuliko zote ilikuwa nyuma ya kilima kikubwa, watu wengi hawaioni, kwa hiyo hakuna aliyekaa upande ule. Tulisikia pikipiki zinazunguka, kisha tukasikia moja inalia vibaya, kisha kimya. Nilikimbia. Nilipokuwa napanda kilima niliona gari la Masalu linarudi kwa upande wa pili, polepole, yeye kwenye usukani, mheshimiwa pembeni ameshikilia kofia. Chini ya kilima Shija alikuwa amelala, pikipiki imemkalia mguu, na mguu haukuwa umekaa vile mguu unavyokaa. Kwenye mchanga, katikati kabisa ya njia ya mbio, alama za matairi ya gari zilikuwa mbichi, kabla watu hawajafika wakazikanyaga zote.

"Gari," aliniambia Shija meno yakigongana. "Nimeruka kilima nikakuta gari. Dada Zuhura, gari lilikuwa njiani."

Walitaka kona waione kwa karibu. Basi. Mgeni rasmi hakuridhika na kiti alichowekewa kivulini, akataka aone vumbi linavyoruka, na Mkurugenzi akampeleka katikati ya njia kama anampeleka shambani kwake. Niliivua helmeti ya Shija taratibu, na kitu cha kwanza nilichofanya, mikono ikijua kuliko akili, ni kushika kamera. Vuguvugu. Taa inapepesa. Ilikuwa imeona kila kitu. Nikainua macho, Masalu alikuwa amesimama mbele yangu anahema.

"Nipe hiyo," alisema, "nikaipoze."

Nilisema haihitaji kupozwa. Akaikwanyua kutoka kwenye helmeti, akaondoka nayo. Mimi nilikuwa nimempakata kichwa Shija.

Jua lilipopungua Masalu aliwakusanya watu uwanjani kwake. Alisikitika kwa maneno mengi. Akasema kijana alikuwa amekunywa gongo, ameendesha kama kichaa, na kwa bahati mbaya ushahidi haupo, maana kamera ilichemka. Watu wakatikisa vichwa. Wangekataaje? Mwaka mzima walikuwa wanasikia kwamba kamera zinachemka, na siku hiyo walikuwa wameziona kwa macho yao zimekaa juani wakati wote wa hotuba. Nikapaza sauti. Nikasema haikuchemka, niliishika, ilikuwa vuguvugu, na zile mlizoziona juani hazikuwa kamera, yalikuwa makasha matupu yenye rangi ya kucha. Masalu akageuka polepole, akafungua mikono yake yenye pete.

"Mnamsikia? Anasema mheshimiwa alikuwa anapungia rangi ya kucha."

Kicheko kilichofuata sijakisahau. Bonny ndiye aliyecheka kuliko wote. Kweli yangu ilikuwa ya kipuuzi, uongo wa Masalu ulikuwa umevaa koti, na watu huheshimu koti. Nilifukuzwa palepale. Nilipokwenda jikoni kuchukua vitu vyangu Mama Kulwa hakunitazama usoni. Alinifungia michembe ya safari, akanishika kiganja, akakishika kwa muda mrefu kuliko salamu inavyotaka, halafu akaenda kufungia kuku. Nilimchukia kidogo siku ile, nakiri wala sijuti. Baadaye niliacha. Mimi niliishi nyumba ile mwaka mmoja, yeye aliishi yote.

Shija alipona nusu. Mguu ulibaki umepinda, na jina likapinda zaidi. Wakamwita Shija Gongo. Hakuna tajiri aliyempa tena chombo cha kuendesha, kwani nani atampa mlevi? Watoto walimwita hivyo njiani, mama yake mzazi kule Didia aliulizwa gulioni na watu wazima na akili zao kama yule mlevi wa pikipiki ndiye mwanawe. Mtu ambaye hakuwahi kuionja gongo hata kwa kidole amebeba jina lake kuliko wanaoipika.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale Ushirombo wakati mshereheshaji alipofika kwenye salamu za makundi. Itifaki ilizingatiwa, kila kundi likachuma ua lake. Kisha akatazama karatasi, akatabasamu. "Sasa wanamichezo. Namkaribisha mkongwe wa pikipiki, Shija Gongo, atupe salamu fupi. Nasisitiza, fupi." Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa kitambaa. Shija akatoka nyuma na fimbo yake. Sikujua kama amekuja. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama.

"Mimi naitwa Shija," alisema. "Shija wa Didia. Nimekuja kumsamehe marehemu. Lakini siwezi kusamehe kosa ambalo halijatajwa, kwa hiyo naomba nilitaje. Mama yangu hawezi kusafiri tena. Yuko Didia, ananitazama kwenye simu ya mjukuu wake, na ningependa alisikie kabla hajafa. Siku nilipoanguka sikuwa nimelewa. Njiani kulikuwa na..."

Mdogo wa marehemu, yuleyule aliyetakiwa kushinda zamani, alikuwa ameshamfikia Bonny. Alimnong'oneza. Bonny akaitazama kamera, akaivulia kofia yake na kuifunika nayo, akainua mikono.

"Samahani wapendwa! Matangazo yamekatika. Kamera imechemka!"

"Basi tusubiri mitambo ipoe," akasema mshereheshaji kwa furaha isiyojificha, akanyoosha mkono apokee kipaza sauti. Shija alisimama mdomo wazi. Namna alivyokuwa anaitazama ile kofia, Mtume! Uongo uleule! Neno lilelile! Wana miaka yote hii na hawakujisumbua hata kutunga jipya.

Nikaenda. Niliinyanyua kofia ya Bonny kwa vidole viwili, nikamrushia kifuani. Chini ya kivuli cha mwavuli wangu taa nyekundu ilikuwa inapepesa kama kawaida.

"Haijachemka," nikasema. "Nimeivua kasha kwa mkono wangu. Anayebisha aje aishike."

"Dada, huu ni msiba," akasema mdogo wa marehemu.

"Naona. Ishike."

Hakuna aliyesogea. Bonny alitazama viatu vyake. Ndipo nikaona watu wanapishana upande wa jeneza, na Mama Kulwa anakuja, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, amezeeka, anatembea kwa kushikilia viti. Shemeji yake alimwita, hakugeuka. Akafika kwenye kamera, akaitandazia kiganja kama alivyokuwa akitandazia mayai, akafumba macho.

"Vuguvugu," alisema. "Kama yai."

Akachukua kipaza sauti kutoka kwa Shija, akakishika kwa mikono miwili kama kikombe.

"Na ile nayo ilikuwa kama yai. Aliniletea jikoni mwenyewe, akaniambia niifiche kwenye michembe. Niliishika kwa mkono huu. Haikuchemka. Asubuhi yake akaichukua akaitupa kwenye karasha ikasagwa na mawe, maana ilikuwa imeliona gari lake." Akapumua. "Nilikuwa mke wake. Leo ni mjane, nasema. Huyu mtoto hakuwahi kunywa gongo. Alikunywa maziwa, kwangu."

Akamrudishia Shija kipaza sauti. Mshereheshaji alitazama karatasi yake, na kwa mara ya kwanza siku ile karatasi haikuwa na ua la kumpa. Shija hakuendelea na hotuba. Alikiweka kipaza sauti juu ya kiti, akaja kwa fimbo yake mpaka mbele ya ile taa nyekundu, akainama, uso wake ukaijaza kamera.

"Mayu," alisema, "umesikia?"